Gari lako la kwanza kutoka Japani: maswali tunayoulizwa gereji karibu kila siku

Wateja wetu wengi hapa Tabata, Dar es Salaam, ni watu wa gari la kwanza. Wamedunduliza miaka, wameagiza IST, Passo au Premio, wamelisubiri litoke bandarini, na siku ya kukabidhiwa wanapewa funguo bila somo lolote. Nimeshuhudia injini nzima nzima zikifa kwa mambo ambayo mwenye gari angeyaona kwa macho yake, na kila mara inaniuma, kwa sababu najua fedha ile imetoka wapi. Haya ndiyo maswali yanayorudi zaidi. Mifano mingi ni ya Toyota kwa kuwa ndizo zilizojaa mtaani, ila mengi yanahusu gari lolote la petroli.

Gari limetoka bandarini wiki hii, odometa inasoma kilomita 78,000 na linawaka vizuri. Nianze na nini?

Anza kwa kukubali kwamba hujui lolote kuhusu maisha yake ya nyuma. Limekaa mnadani, limekaa melini wiki kadhaa, limekaa yadi juani. Badilisha oili ya injini na filta yake kabla hujalizoea. Kisha mwambie fundi akague, wewe ukiwa umesimama pembeni: filta ya hewa, kulanti (maji maalumu ya rejeta), oili ya giaboksi, mafuta ya breki, pedi za breki, mkanda wa nje wa injini, betri na umri wa matairi. Andika kilomita za siku hiyo kwenye daftari. Kuanzia hapo historia ya gari ni yako.

Kabla hujaondoka, fungua mlango wa dereva uangalie kwenye nguzo, kisha inua boneti. Mara nyingi utakuta stika ya gereji ya Japani yenye tarehe na kilomita za mara ya mwisho kubadilishwa oili. Usiibandue. Mwaka unaweza kuandikwa kwa hesabu yao ya utawala wa wafalme: ukiona R, jumlisha 2018, kwa hiyo R3 ni 2021, ukiona H, jumlisha 1988, kwa hiyo H29 ni 2017. Kama stika inasema gari lilikuwa na kilomita 96,000 mwaka 2017 na odometa yako leo inasoma 78,000, basi odometa imerudishwa nyuma. Hilo halimaanishi gari ni bovu. Linamaanisha usipange matengenezo kwa kuiamini namba ile.

Oili ya injini nibadilishe kila baada ya kilomita ngapi?

Kilomita 5,000 au miezi 6, kinachotangulia.

Kuna watu watakuonyesha kitabu cha gari kinachotaja namba kubwa zaidi, na hawadanganyi. Toyota yenyewe, kwenye vitabu vya magari ya soko la Japani, kwa injini nyingi za petroli zisizo na tabo huandika kilomita 15,000 au mwaka mmoja, na nusu yake kwa matumizi magumu. Sasa soma matumizi magumu ni yapi: vumbi, safari fupi fupi, kupanda milima, gari kusimama muda mrefu injini ikinguruma. Hiyo ni Barabara ya Mandela saa 12 jioni. Ukikaa kwenye foleni saa nzima na kusogea kilomita 8, odometa inahesabu 8 tu, lakini injini imefanya kazi saa nzima. Kilomita peke yake haisemi ukweli mjini, ndiyo maana tunaweka na miezi.

Fundi anasema gari likifika Afrika liwekewe oili nzito. Kweli?

Si kweli, na ushauri huu umeharibu injini nyingi. Soma namba kwenye galoni. Kwenye 5W-30, namba yenye W inaeleza oili inavyotiririka injini ikiwa baridi, na 30 ni uzito wake injini ikishapata moto. Injini inayofanya kazi ina joto karibu lile lile Sapporo na Dar es Salaam, kwa sababu themostati na rejeta ndiyo kazi yake. Oili ya 20W-50 iliyozoeleka kwenye injini za zamani ni nzito mno kwa injini za VVT-i (mfumo wa Toyota wa kubadili muda wa valvu kufunguka), ambazo zina njia nyembamba za oili na vifaa vinavyosukumwa na oili hiyo hiyo. Asubuhi, zile sekunde za kwanza baada ya kuwasha, oili nzito inachelewa kufika juu, na chuma kinasagana na chuma.

Kwa IST, Vitz, Spacio, Premio na ndugu zao, 5W-30 inafaa kabisa. Injini ikianza kula oili kwa uzee unaweza kwenda 10W-40, lakini kwanza tafuta inakopotelea.

Injini ya 1NZ-FE, ile ya lita 1.5 iliyo kwenye magari mengi sana hapa nchini, inachukua lita 3.7 ukibadilisha pamoja na filta. Galoni ni la lita 4. Fundi akimimina galoni lote "isibaki", amezidisha. Oili ikizidi sana kiasi, kranki, shafti kuu inayozunguka chini ya injini, inaipiga mpaka inatoa povu, na povu halilainishi kitu. Ile inayobaki iweke kwenye buti.

Oili feki zipo. Nunua kwa wakala au duka ambalo utalikuta palepale mwezi ujao, angalia mhuri wa kifuniko, na galoni likiisha litoboe kabla hujalitupa, kwa sababu galoni tupu zima lina wanunuzi, na hawalinunui kwa ajili ya kuchotea maji.

Napimaje oili mwenyewe?

Egesha sehemu tambarare, zima injini, subiri dakika 5. Chomoa stiki ya oili, ifute kwa kitambaa, irudishe mpaka mwisho, ichomoe tena na usome. Oili iwe kati ya alama mbili. Rangi nyeusi si ugonjwa, oili inafanya kazi ya kubeba uchafu. Rangi ya chai ya maziwa ndiyo ugonjwa, maana yake maji yameingia kwenye oili, na gari hilo lisiwashwe tena. Fanya hivi kila Jumamosi. Injini nyingi tulizozifungua hapa kwa kukauka oili zilikuwa na stiki nzima, haijachomolewa tangu gari litoke bandarini.

Maji ya bomba kwenye rejeta yana tatizo gani? Mbona daladala wanatumia?

Hili ndilo swali ninalolipenda kuliko yote, kwa sababu joto limeua injini nyingi kuliko kilomita.

Kulanti si maji ya rangi. Ndani yake kuna dawa za kuzuia kutu, na mchanganyiko wake unachelewa kuchemka kuliko maji matupu. Injini kama 1NZ ina hedi (kichwa cha injini) na bloku (mwili wake) za alumini. Ukiweka maji ya bomba, na zaidi sana maji ya visima vya Dar yenye chumvi, yanakula alumini kidogo kidogo, yanakula pampu ya maji, na yanaacha tope gumu kwenye vijitundu vya rejeta. Kwa nje huoni kitu. Miezi inapita, siku unapanda mlima na kiyoyozi kimewashwa, ndipo deni linadaiwa lote kwa pamoja.

Nunua kulanti iliyokwisha kuchanganywa umimine hivyo hivyo. Ukinunua ile nzito, changanya nusu kwa nusu na maji yaliyotoneshwa, yale yanayouzwa kwa ajili ya kuongezea betri. Hakikisha ni maji, siyo asidi. Kulanti ya awali ya Toyota huwa nyekundu au ya waridi, lakini rangi haina sheria moja kwa makampuni yote, kwa hiyo usichanganye aina mbili kwa kufananisha rangi tu. Kama hujui iliyomo ni ipi, mwaga yote, suuza, weka mpya.

Na mfuniko wa rejeta nao ni kifaa. Unafunga mgandamizo, na mgandamizo huo ndio unaopandisha kiwango cha kuchemka mpaka karibu nyuzi 120. Mfuniko uliolegea mpira unafanya gari lichemshe hata kama rejeta ni mpya.

Fundi ameniambia atoe themostati kwa sababu huku kuna joto. Nimruhusu?

Hapana. Themostati si kifaa cha nchi za baridi. Kazi yake ni kuzuia maji yasizunguke kwenye rejeta mpaka injini ifikie joto lake la kazi, na kwenye Toyota nyingi inafunguka karibu na nyuzi 82. Ukiitoa, kwenye barabara kuu injini haifikii joto hilo. Kompyuta ya gari inaona injini bado ya baridi, inaongeza petroli. Mafuta yanakwenda, oili inachafuka haraka, pistoni zinalika. Na tatizo lililokuwa linachemsha gari, iwe feni mbovu, rejeta iliyoziba au pampu iliyochoka, bado lipo pale pale, limefunikwa tu. Kama themostati imeganda, inunuliwe nyingine. Ni kifaa kidogo na bei yake ni ndogo.

Gari langu halina mshale wa joto. Nitajuaje linachemsha?

Magari madogo mengi, kama Passo na Vitz za miaka ya karibuni, yana taa mbili tu. Ya bluu inawaka ukiwasha gari asubuhi, kukuambia injini bado ya baridi, na inazimika baada ya dakika chache. Nyekundu maana yake imechemsha, na ikiwaka huna muda wa kufikiria.

Zima kiyoyozi. Fungua hita ya joto kali mpaka mwisho na feni ya ndani mpaka mwisho. Utapata tabu, lakini unavuta joto kutoka kwenye injini. Toka barabarani, simama, zima gari. Inua boneti, na USIFUNGUE mfuniko wa rejeta. Maji yaliyo ndani yamepita nyuzi 100 na yanazuiwa na mfuniko tu. Ukiufungua yatakurukia usoni kama mvuke wa sufuria. Subiri angalau nusu saa, mpaka bomba la juu la rejeta linashikika kwa mkono. Na usimwagie maji ya baridi injini ya moto, ndani wala nje.

Mteja wetu mmoja alikuwa anawahi msiba Dodoma. Taa nyekundu iliwaka akiwa amepita Chalinze, akasema Morogoro si mbali, nikifika nitatafuta fundi. Hakufika. Pampu ya maji ilikuwa inavuja, imeliwa na maji ya chumvi, na hedi ilipinda kwa joto. Msibani alienda kwa basi, na injini ikanunuliwa nyingine. Angesimama palepale taa ilipowaka, pengine angetengeneza pampu peke yake. Simlaumu, alikuwa na haraka ambayo mtu yeyote angekuwa nayo. Ndiyo maana nakueleza leo, ukiwa umekaa nyumbani.

Oili ya giaboksi ya otomatiki ni ya maisha, au inabadilishwa?

Inabadilishwa. Kila kilomita 40,000 ni kiwango kizuri kwa hali zetu. Muhimu kuliko kilomita ni aina. Mtaani oili yote nyekundu inaitwa "haidroliki", na mtu atakujazia yoyote aliyonayo. IST ya kwanza na Toyota nyingi za gia 4 za kipindi hicho zinatumia oili iitwayo T-IV. Gari lenye giaboksi ya CVT, ile isiyo na gia za hatua, linatumia oili ya CVT, tena ile iliyotajwa na mtengenezaji wake: Nissan X-Trail ya T31, kwa mfano, inataka NS-2. Ukiweka T-IV kwenye CVT, mkanda wa chuma ulio ndani unateleza, na giaboksi ya CVT ikifa huwa hatutengenezi, tunatafuta nyingine.

Kama oili iliyomo imeungua, nyeusi na inanuka, usikubali kusafishwa kwa mashine inayosukuma kwa nguvu. Mwaga ile inayotoka kwa nati ya chini, jaza kiasi kile kile kilichotoka, tembea wiki mbili, rudia.

Tabia mbili zinaokoa giaboksi bila gharama. Gari lisimame kabisa kabla hujatoka D kwenda R. Na ukiegesha kwenye mteremko, kanyaga breki, vuta hendibreki, achia breki gari likae kwenye hendibreki, ndipo uweke P. Ukianza na P, uzito wote wa gari unaning'inia kwenye kipini kimoja kidogo ndani ya giaboksi.

Upepo wa matairi niweke ngapi?

Si ile namba iliyoandikwa kwenye tairi lenyewe, hiyo ni ya juu kabisa linaloweza kubeba. Fungua mlango wa dereva, stika ipo kwenye nguzo. Imeandikwa kwa kPa, na mashine za huku zinasoma psi: 220 ni 32, 230 ni 33, 240 ni 35. Pima asubuhi kabla hujatembea, tairi likiwa baridi. Kijana wa sheli akikuwekea 45 "ili gari liwe jepesi", mwombe apunguze. Tairi litalika katikati na gari litaruka kwenye matuta. Pungufu ni mbaya zaidi, kwa sababu kuta za tairi zinajikunja, zinapata moto, na tairi linapasuka ukiwa kwenye mwendo.

Matairi yaliyokuja na gari bado yana kashata (meno ya kukanyagia) nzuri. Nibadilishe ya nini?

Angalia vitu viwili. Cha kwanza ni umri. Pembeni mwa tairi tafuta neno DOT, na mwishoni mwake tarakimu 4. 2316 maana yake limetengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2016. Likipita miaka 6 lichunguzwe nyufa, likikaribia 10 lisitembee barabara kuu hata kama kashata ni za kumwaga. Mpira unazeeka hata ukiwa umesimama.

Cha pili wengi hawakijui. Gari likitoka mikoa ya theluji ya Japani kama Hokkaido linaweza kuja na matairi ya theluji. Yatambue kwa neno STUDLESS au mchoro wa kipande cha theluji, na kashata zilizochanjwa mistari myembamba mingi. Mpira wake ni laini kwa makusudi, ushike barafu. Kwenye lami yetu ya moto unalika haraka, na gari linachelewa kusimama ukifunga breki, hasa mvua ikinyesha. Gari hilo hilo litazame na uvunguni, kwa sababu barabara za kule humwagiwa chumvi, na chumvi inaleta kutu kwenye mabomba ya breki.

Zungusha matairi ya mbele na nyuma kila kilomita 10,000. Tairi likilika upande mmoja, nenda wili alaimenti, lakini kwanza boljointi na tairodi, viungo vinavyoshika na kugeuza magurudumu, zikaguliwe; kupanga magurudumu wakati boljointi imelegea ni kutupa fedha.

Breki zinalia. Niendelee kutembea?

Pedi nyingi zina kibati kidogo kilichowekwa makusudi kilie zikikaribia kwisha. Ikiwa ni mlio mwembamba, una siku chache. Ikiwa ni sauti ya chuma kusaga chuma, simamisha gari leo, sasa hivi unakula diski. Pedi ikibaki milimita 3, badilisha, na badilisha pande zote mbili za ekseli.

Mafuta ya breki yabadilishwe kila miaka 2. Yanavuta unyevu hewani. Mafuta ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya yanachemka kwenye nyuzi 205, lakini yakishavuta unyevu kiwango kinashuka kuelekea 140. Sasa fikiria unateremka mlima Kitonga kutoka Iringa, lori liko mbele, mguu uko kwenye breki kwa dakika nyingi mfululizo. Mafuta yakichemka yanazaa mapovu, na pedali inazama mpaka chini bila kukamata kitu. Kabla ya kuanza kuteremka weka gia 2 au L, au B kwenye yale yenye B, injini ikushikie gari, na breki uzikanyage kwa vipindi. Wanaopita pale kila wiki wanajua harufu ya breki zilizoungua. Usiwe wewe unayeitoa.

Betri inadumu muda gani?

Kwa joto la pwani, miaka 2 hadi 3. Gari likiwa limezimwa usiku kucha mita isome karibu volti 12.6, na likinguruma isome kati ya 13.8 na 14.5. Ikisoma chini ya hapo likinguruma, tatizo ni alternata, kifaa kinachochaji betri, na kununua betri mpya hakutasaidia. Unga mweupe au wa kijani kwenye vichwa vya betri usafishe kwa maji ya moto na brashi, kisha kaza.

Gari langu lina mkanda wa taimingi au cheni?

Hicho ndicho kinachofanya valvu na pistoni ziende kwa mpangilio mmoja. Muulize fundi kwa jina la injini, siyo la gari. 1NZ, 2NZ na 1ZZ zina cheni, ambayo ukibadilisha oili kwa wakati inakaa muda mrefu sana. 1G-FE ya Mark II, 5A-FE ya Corolla za zamani, na EJ20 ya Subaru Forester zina mkanda, na mkanda unabadilishwa kila kilomita 100,000. Kwenye EJ20 ukikatika, valvu zinagongana na pistoni. Kama odometa yako ina mashaka, ubadilishe sasa, pamoja na pampu ya maji na tensiona (kifaa kinachokaza mkanda), maana fundi akishafika pale kazi kubwa imekwisha.

Taa ya cheki injini imewaka. Nisimame?

Ikiwa ya njano na inawaka bila kupepesa, gari linatembea, lipeleke likapimwe kwa mashine wiki hiyo. Ikipepesa, silinda haichomi vizuri, punguza mwendo na utafute fundi siku hiyo hiyo. Taa nyekundu yoyote, ya oili au ya joto, zima gari.

Fundi akishachomeka mashine, mwambie akuandikie namba ya kosa kabla hajaifuta. Kufuta taa si kutengeneza. Na namba inataja eneo la tatizo, haitaji kifaa cha kununua. Namba ya sensa ya oksijeni inaweza kuletwa na plagi mbovu au bomba la hewa lililopasuka.

Plagi?

Za kawaida kilomita 20,000, za iridiamu mpaka 100,000. Ukiambiwa umewekewa iridiamu, omba kuona boksi lake.

Filta ya hewa inapulizwa au inabadilishwa?

Kama njia yako ya nyumbani ni ya vumbi, ifungue kila unapobadilisha oili. Unaweza kuipuliza mara moja au mbili kwa upepo mdogo, kutoka ndani kwenda nje, kisha nunua mpya. Usiioshe kwa petroli. Na kuna filta nyingine ambayo wengi hawajui ipo, ya kiyoyozi, nyuma ya kisanduku cha dashibodi upande wa abiria. Tumetoa humo majani, unyoya na panya mkavu kwenye gari la familia yenye mtoto mwenye pumu. Ibadilishe mara moja kwa mwaka.

Nimepita kwenye maji ya mafuriko pale Jangwani, Dar es Salaam, gari likazima katikati. Nilijaribu kuwasha likakataa.

Usijaribu tena. Maji yakiingia kwenye silinda hayagandamizwi kama hewa; pistoni inapopanda inakutana nayo na konrodi, chuma kinachobeba pistoni, inapinda. Livutwe mpaka gereji, plagi zitolewe, maji yatolewe, oili zote ziangaliwe. Wanaolivuta bila kugusa ufunguo mara nyingi wanaondoka na injini yao.

Kwenye kuosha gari wanataka kupiga injini maji ya presha. Sawa?

Hapana. Koili na soketi za nyaya zipo juu. Kitambaa chenye unyevu kinatosha.

Redio inashika stesheni chache tu.

FM ya Japani inaanzia megahezi 76, na redio nyingi za magari yao zinaishia 90. Zetu ni 88 mpaka 108. Haijaharibika. Inafungwa kifaa kidogo cha kuhamisha masafa, au redio nyingine.

Nitanunuaje spea bila kupigwa?

Usiende kwenye maduka ya spea ya Gerezani na jina la gari tu. Nenda na namba ya chesisi, ile inayoanza na herufi kama NCP60, maana IST mbili zinazofanana zinaweza kuwa na pedi tofauti. Nenda na kifaa cha zamani mkononi. Uliza kama ni mpya, ni mtumba wa Japani, au ni ya kuiga, na uombe iandikwe hivyo kwenye risiti. Mtumba wa Japani mara nyingi ni mzuri kuliko mpya ya kuiga kwa shokapu na alternata. Kwa pedi, mikanda na filta, usinunue mtumba kamwe.

Na kwa fundi, mimi mwenyewe nikiwemo, dai kila kifaa kilichotolewa ukione. Kama kimebadilishwa, cha zamani kipo.

Naenda Arusha mwisho wa mwezi, safari yangu ya kwanza ndefu. Nibebe nini?

Pembetatu za kuakisi na mtungi wa kuzimia moto, ambavyo trafiki watakuuliza. Jeki, wili spana, oili ile iliyobaki, lita mbili za kulanti, waya za kuchangia betri, tochi. Hakikisha kwanza kama gari lako lina tairi la spea. Baadhi ya magari ya Japani yanakuja na chupa ya gundi na kipampu tu, na gundi hiyo huisha muda wake.

Jumamosi kabla ya safari, toa tairi moja mwenyewe ukiwa nyumbani, kwa spana yako na jeki yako. Nati zilizokazwa na mashine ya gereji huwa hazitaki kufunguka kwa mkono, na ni heri ugundue hivyo uani kwako kuliko usiku kati ya Mombo na Same. Zikigoma, pita gereji tuzilegeze na kuzikaza upya kwa kiasi chake. Hiyo hatutozi.